Makande, mtori, maharage ya nazi au muhogo: jioni ya mvua uinjike kipi?

Mvua ya masika ina tabia ya kumkuta mtu njiani. Asubuhi unatoka Kimara jua linawaka, viatu vikavu, mwavuli umeuacha nyuma ya mlango. Saa 9 alasiri wingu limetanda, saa 11 maji yanatembea barabarani, na mto Msimbazi ukishafurika pale Jangwani, mabasi ya mwendokasi husimama na watu waliotoka Kariakoo wanaanza kutafuta njia ya kuzunguka. Unafika nyumbani saa 2 usiku, nguo zimegandana na mwili, watoto wanakuangalia mikononi.

Saa hiyo "tule nini" si swali la hamu tena. Ni swali la saa: umeingia saa ngapi, na kuna nini jikoni ambacho kilishaanza kazi bila wewe. Nimeona watu wengi wakichagua chakula cha mvua kwa utamu peke yake, wanaishia kula saa 5 usiku, watoto wamelala na njaa kwenye kochi. Kwa hiyo vyakula hivi vinne nitavilinganisha kwanza kwa muda, halafu moto vinavyokula, halafu nani anavila vizuri, na mwisho vinakuwaje kesho yake.

Niseme ukweli wangu mapema. Nimelelewa Upare, milimani, ambako ukungu hushuka mpaka mlangoni, na makande ndiyo chakula cha moyo wangu. Lakini mama mkwe wangu ni mtu wa Tanga, na kwake maharage yasiyo na nazi bado hayajapikwa. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Mchaga wa Machame, na mtori nimejifunza kwake nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake namenya ndizi. Muhogo nimejifunza mwenyewe, kwa kukosea.

Makande: yanaamuliwa jana usiku

Makande ni mahindi yaliyokobolewa yakapikwa pamoja na maharage. Kenya kuna ndugu zake wawili: githeri, ambayo mahindi yake hubaki na ganda, na muthokoi ya Ukambani, ambayo mahindi yake hukobolewa kama yetu. Kukoboa ndiko kunakoleta tofauti mdomoni. Nyumbani mahindi yalinyunyiziwa maji kidogo, yakatwangwa kwenye kinu mpaka ganda liachie, kisha yakapetwa kwenye ungo. Punje inayobaki ni nyeupe, na ikiiva inafunguka na kutoa uji wake mwenyewe. Ule uji ndio mchuzi wa makande. Ukiona makande yana maji upande mmoja na punje upande mwingine, hayajaiva, hata kama mpishi amechoka.

Kwa watu sita natumia vikombe 3 vya mahindi na kikombe 1 na nusu cha maharage. Vyote vinalowekwa usiku wa jana, kila kimoja na bakuli lake, na maji ya kulowekea maharage yanamwagwa. Kwenye jiko la mkaa hesabu saa 2 na nusu hadi 3. Kwenye presha kuka, dakika 45 hadi 50 zinatosha. Hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa: wanakaanga kitunguu na nyanya, wanamwaga mahindi na maharage juu yake, halafu wanashangaa mbona hayalainiki. Nyanya ina uchachu, na uchachu hulikaza ganda la maharage. Acha vilainike kabisa kwanza. Nyanya, kitunguu, karoti na chumvi vinakuja mwishoni, na baada yake tui la nazi au karanga zilizosagwa. Kwetu Upare nimeyala sana na karanga, na kwenye baridi sioni kinachozipita.

Magadi yanasaidia kulainisha, hilo halina ubishi, lakini yakizidi yanaleta ladha ya sabuni na kuharibu baadhi ya vitamini za maharage. Ncha ya kijiko inatosha kwa sufuria nzima. Ukishaloweka usiku kucha, mara nyingi hakuna haja nayo kabisa. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto ni habari nyingine; hayo hugoma hata uyapikie saa 4, na kosa si lako.

Kuna jambo moja la makande ninalolisema kwa uzito. Msimu wa mvua mahindi hupata unyevu, na unyevu huleta ukungu, na ukungu huweza kuleta sumukuvu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo mahindi yachaguliwe juani au kwenye taa nzuri: punje yenye rangi ya kijani, nyeusi au kijivu, iliyosinyaa au yenye harufu ya uvundo, itupwe. Ukiona ni nyingi, tupa mfuko mzima. Karanga nazo zichaguliwe hivyohivyo.

Mtori: unataka saa 2 na mkono wa subira

Mtori ni ndizi mbichi na nyama, vikichemshwa mpaka vipondeke kuwa supu nzito. Uchagani ndiyo chakula cha mama aliyejifungua, na ukiula jioni ya baridi unaelewa kwa nini: unashuka taratibu, unapasha kifua, na tumbo haligombani nao.

Ndizi inayofaa ni mshare. Ndizi nyingine zinapikika, lakini mshare ukipondwa unakuwa laini bila kuvutika kama gundi. Hapa Dar wengi wetu tunazifuata Mabibo, pale soko la Mahakama ya Ndizi, au tunanunua kwa mama wa genge aliyezifuata huko. Ndizi 12 za wastani na nusu kilo ya nyama yenye mifupa zinalisha watu watano. Nyama isiyo na mfupa inatoa mtori mwepesi, wa kukosa kitu fulani ambacho ulimi unakitafuta.

Kazi yake iko hivi. Nyama inaanza peke yake na chumvi na tangawizi kidogo, saa 1 au zaidi kidogo, mpaka inyofoke. Wakati huo unapaka mafuta mikononi na kumenya ndizi ndani ya beseni la maji, kwa sababu utomvu wake unanata na ndizi iliyokaa hewani inakuwa nyeusi. Nyama ikiiva unaitoa, unatia ndizi, kitunguu, karoti na nyanya moja kwenye supu ileile. Dakika 30 zinatosha. Kisha unaponda kwa mwiko. Siku hizi wengi wanatia kwenye blenda, na sina ugomvi nao, ila jirani yangu ana neno lake.

"Ukisaga na mashine unapata uji," aliniambia. "Mtori lazima ukutane na kipande cha ndizi njiani."

Nimejaribu kote, na nakubaliana naye. Baada ya kuponda unarudisha nyama iliyochambuliwa, unaongeza siagi au kikombe cha maziwa, na pilipili mbuzi nzima ielee juu bila kupasuka, itoe harufu tu. Ukiinjika saa 12 jioni, saa 2 kasorobo mnakula. Ukiinjika saa 2 usiku, usijidanganye.

Hapo makande na mtori vinaachana waziwazi. Makande yanakudai jana, lakini leo hayakudai chochote. Yako motoni, wewe unaweza kuoga, kukagua daftari za watoto, kuanua nguo. Mtori haukudai jana, ila leo unakutaka jikoni kuanzia kumenya mpaka kuponda. Kwa mtu aliyerudi amechoka, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya ladha.

Maharage ya nazi: chakula cha aliyechelewa, kwa sharti moja

Sharti lenyewe: maharage yawe yameshachemshwa. Yakiwa tayari, dakika 20 zinakutosha. Yakiwa makavu kwenye mfuko, umerudi kwenye foleni ileile ya makande.

Mimi nachemsha kilo 1 na nusu Jumapili, nagawa kwenye vyombo vidogo, naweka kwenye friza. Maharage ya njano ndiyo ninayoyapenda kwa kazi hii, huiva upesi kuliko mekundu na mchuzi wake ni mzito. Mekundu nayo yana tahadhari yake: yasipoiva vizuri yana sumu inayotapisha na kuendesha. Moto mdogo hauiondoi. Yachemke kwa nguvu angalau dakika 10, yatokote kabisa, ndipo upunguze moto. Kuyaacha mabichi juu ya mkaa unaofifia, ukitumaini yataiva yenyewe ukiwa umelala, ni hatari.

Mama mkwe hakaangi. Kwa nusu kilo ya maharage anataka nazi moja kubwa, iliyokunwa kwenye mbuzi. Tui la kwanza, zito, linawekwa pembeni. La pili, jepesi, linaingia kwenye maharage pamoja na kitunguu kilichokatwa, chumvi na pilipili mbuzi nzima. Linachemka mpaka maharage yanywe ladha. Kisha linaingia tui zito, na kuanzia hapo hasogei kwenye jiko: anakoroga taratibu kwa upande mmoja, sufuria wazi, mpaka lichemke mara ya kwanza. Tui likifunikwa au likiachwa litokote hovyo, linakatika, mafuta yanajitenga, na mchuzi unakuwa na chengachenga. Nilipomuuliza kwa nini hatii nyanya, alijibu, "Mwanangu, unataka kuficha nini?"

Nazi ya pakti inafaa usiku wa kuchelewa, sitamkataza mtu. Ladha yake ni nyepesi zaidi, basi tumia zaidi kidogo na upunguze maji.

Kinachobaki ni cha kushushia. Chapati za kusukuma ni tamu kuliko vyote na mvua, ila unga unataka kupumzika nusu saa na mpishi anataka saa nzima zaidi. Wali unaiva wakati maharage yanachemka. Chapati za maji ndizo mkombozi wangu: unga, maji, yai, kitunguu na chumvi, unamimina kwenye kikaango, dakika 3 moja imetoka. Watoto wangu wanazipenda kuliko zile za kusukuma, na nimeacha kubishana nao.

Muhogo wa nazi

Kwa kuanzia na kibichi, huu ni wa haraka kuliko vyote kama muhogo ni mzuri, na ni hasara tupu kama ni mbaya. Hakuna katikati. Muhogo mzuri unaiva kwa dakika 25 hadi 30, unapasuka wenyewe, unamiminiwa tui zito, unaliwa na samaki wa kukaanga au kipande cha ng'onda, yaani samaki mkavu. Kilo 1 na nusu inatosha watu wanne.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kununua bila kumwambia muuzaji auvunje. Uvunjwe mbele yako. Ndani uwe mweupe safi, usio na mistari ya bluu au nyeusi, kwa sababu muhogo ukishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku 2 au 3. Menya mpaka ganda la ndani litoke lote, toa mzizi wa katikati, uchemshe vizuri kwenye maji mengi bila kufunika, umwage maji hayo ndipo utie tui. Ukionja ukakuta mchungu, usiendelee. Uchungu huo ni dalili ya sumu, na nazi haiutibu.

Vikikaa meza moja

Kwa moto, makande yanakula kuliko vyote. Kama unapikia mtungi wa gesi wa kilo 6 na huna presha kuka, makande mara mbili kwa wiki utayaona kwenye gesi. Ndiyo maana nyumba nyingi huyapika kwa mkaa. Na hapa naomba nisikilizwe: mvua ikinyesha watu huingiza jiko la mkaa ndani, wakati mwingine chumbani, na kufunga madirisha kwa sababu ya baridi. Mkaa hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Jiko likae barazani au chini ya kipaa. Likilazimika kuingia ndani, mlango na dirisha viwe wazi muda wote, na litoke kabla ya mtu kulala. Ukikosa pa kulikinga na mvua, pika muhogo au maharage yaliyokwisha kuchemshwa kwenye gesi, ule mapema. Makande yatasubiri siku kavu.

Kwa mtoto aliyeanza kula, mzee asiye na meno au mgonjwa wa mafua aliyepoteza hamu, mtori hauna mpinzani. Usitie pilipili, uache mwepesi kidogo, mlishe kwa kikombe. Makande kwa mtoto mdogo yanataka kupondwa, na maharage mengi usiku yanamjaza gesi tumboni. Kwa vijana wa sekondari wanaorudi wamelowa na njaa ya mchana mzima, kinyume chake: mtori wataunywa bakuli 2 na saa 4 usiku watafungua tena friji. Wape makande.

Kwa mfuko, mtori ni ghali zaidi kwa sababu ya nyama, na ndizi nzuri hazikai. Makande na maharage ndivyo vyakula vya kuweka ndani mvua zinapoanza, kwa kuwa siku ambayo barabara imekatika hakuna haja ya kwenda sokoni. Muhogo uko katikati: bei yake ni nafuu, ila unakulazimisha kutoka siku hiyohiyo, na jioni ya mvua kutoka ndiko usikokutaka.

Kwa kesho yake, makande yanashinda bila mabishano. Asubuhi yamekaza, yakikaangwa na kitunguu na kushushiwa kwa chai ya tangawizi, kuna wanaoyapenda hivyo kuliko yakiwa mapya. Mtori unapashwa ukiongezwa maji, unakubali, ila haufurahi. Vya nazi ndivyo vya kuangalia: tui huchacha upesi kwenye joto la Dar, hata usiku wa mvua. Dawa yake ni kutenga kabla. Toa kwenye sufuria sehemu ya kesho ikiwa bado haina nazi, ipoe, iingie kwenye friji. Tui litie kwenye sehemu ya leo peke yake.

Basi ungeniuliza uchague kipi, ningekuuliza saa. Uko nyumbani tangu saa 10 na kuna mgonjwa au mtoto mdogo: mtori. Uliloweka jana na una presha kuka au baraza ya kuwekea jiko: makande, hata kama utarudi saa 12. Umeingia saa 2 usiku umelowa: maharage ya nazi na chapati za maji. Muhogo uweke kwa siku uliyopita sokoni mapema ukauona mzuri kwa macho yako, usiupange kabla.

Mimi mwenyewe, kuanzia Machi mpaka mwisho wa Mei, naloweka maharage kila usiku kabla ya kulala, hata nisipojua ya nini. Asubuhi yamevimba, na bado sijafunga mlango wowote: nikirudi mapema yanaungana na mahindi, nikichelewa yanaingia kwenye presha kuka dakika 20 na kukutana na nazi. Na kuna jioni ambazo nasikia ukuta umegongwa mara mbili kabla sijavua hata viatu. Maana yake upande wa pili mtori umeiva na umezidi. Siku hiyo maharage yangu yanakwenda kwenye friji, nami nachukua bakuli kubwa na kuvuka ua kwa mbio, kanga kichwani.